Ajali Hii Ina Kinga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, tukiwa tumesujudu na tukiwa tumeshika usukani.

Tuna msemo tuliourithi: ajali haina kinga. Tunausema hospitalini, tunausema matangani, kisha tunamalizia kwa kadari ya Mungu. Kweli, kuamini kadari ni nguzo ya imani. Lakini Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake: amfunge na kutawakali, au amwache na kutawakali? Akaamrishwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Dereva anayeandika ujumbe gari likiwa mwendoni amemfungulia ngamia kwa mkono wake. Akishaua, asimsingizie Muumba wake.

Nalisema hili kwa majuto, maana limenikuta. Ilikuwa baada ya Alasiri, watoto wanatoka madrasa. Simu iko pajani, ikawaka: "Umefika wapi?" Nikainamisha kichwa nijibu. Nilikuwa nimeandika "nakari" tu nilipoinua macho na kumwona binti mdogo mbele ya boneti, juzuu kaikumbatia kifuani, mkono mwingine kamshika mdogo wake. Nilikanyaga breki mpaka gari likaserereka. Walikimbia wakavuka salama, alhamdulillahi, lakini kandambili moja ya yule mdogo ilibaki barabarani, hatua moja kutoka tairi langu. Neno nililokuwa naandika ni "nakaribia". Wallahi, nilikuwa nakaribia kumuua mtoto wa watu.

Hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 110 kwa sekunde 5, urefu wa uwanja mzima wa mpira. Sekunde hizo 5 ndizo unazosomea ujumbe mfupi na kuanza kuujibu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali karibu mara 4 kuliko asiyetumia.

Na sheria ya Mola wetu haikumalizia mambo kwenye neno "bahati mbaya". Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, anayemuua Muumini kwa kukosea amewekewa kafara ya kumwacha huru mtumwa, na diya kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe. Asiyepata wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Hiyo ni kwa aliyekosea tu! Je, tutamjibu nini Mola wetu sisi tunaojua hatari na bado tunaishika simu? Bima italipa gari. Haikufungii hiyo miezi miwili.

Ndugu zangu, shetani haji na maovu ya wazi peke yake. Wako wanaosambaza salamu za Ijumaa na dua katika makundi ya WhatsApp huku wanaendesha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Sasa wewe unatuma mawaidha ya imani, na wewe mwenyewe ndiye udhia uliomo njiani!

Basi tufanye haya. Kabla ya kuwasha gari, zima sauti ya simu na uiweke pasipofikika. Kama jambo ni la dharura, egesha pembeni ndipo ujibu. Nanyi mlioko nyumbani, mkijua baba au mama yuko barabarani, msimpigie mfululizo, mwombeeni afike. Na wewe abiria wa daladala au bodaboda, usione haya. Mwambie kwa upole, "Ndugu dereva, tunaomba uweke simu." Huko ni kukataza mabaya, na roho unayoiokoa huenda ikawa yako.

Tunapopanda chombo husoma dua iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na 14: tunamtakasa Aliyetutiishia chombo hiki, na tunakiri kwamba kwake tutarejea. Isiwe ulimi unakiri marejeo, na mkono unapapasa simu.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa mara zote tulizozembea ukatusitiri. Warehemu waliofia barabarani, waponye majeruhi, wape subira mayatima na wajane. Tujaalie tuwe amani kwa kila anayevuka mbele yetu, na watoto wetu warudi kutoka madrasa na kandambili zao zote mbili miguuni. Amin.