Lafudhi ya Petro



Wapendwa, leo naanza kwa kuungama.

Mimi ni mtoto wa Mlima Kenya. Kwetu nyumbani "kulala" ilikuwa "kurara", na hakuna aliyecheka, maana sote tuliongea hivyo. Shule ya bweni ikaninyoosha ulimi. Sasa, usiku wa vipaji hapa seminarini, nikairudisha ile lafudhi na kuitia chumvi mara kumi, kama wachekeshaji wa kwenye TV. Nikahubiri kutoka Barua ya Mtume "Pauro" kwa "Wafiripi". Watu walicheka mpaka machozi.

Jumapili iliyofuata, mwenzangu anayetoka karibu na kwetu alikuwa na zamu ya somo la pili. Lilikuwa hilohilo la Wafilipi. Alisoma kwa sauti yake ya kila siku, na kanisa likaangua kicheko. Yeye hakuwa anaigiza. Baadaye akaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya wasomaji. Nilipomwambia ulikuwa mzaha tu, bana, alinijibu: "Wewe ukimaliza unaivua. Mimi nivue nini?"

Swali hilo limenisumbua kuliko mtihani wowote wa falsafa. Je, nilitenda dhambi?

Hoja ya kwanza: nilisema uongo? Sidhani. Jukwaani kila mtu anajua ni mchezo. Tena Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili na hupumzishwa na mzaha. Asiyecheka kabisa, na kuwazuia wengine wasicheke, naye ana kosa. Kwa hiyo tusiwe Wakatoliki wa kununa!

Hoja ya pili ndiyo niliyojitetea nayo: si lafudhi ni yangu mwenyewe? Hapa nikawakumbuka waigizaji wawili. Charles Bukeko, aliyefariki 2020, alikuwa Papa Shirandula kwa lafudhi ya Kiluhya, ya kwao. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini katika Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC alikuwa Mzee Ojwang', kwa lafudhi ya Kijaluo. Wapo waliodhani ni Mjaluo kabisa. Mmoja alitumia yake, mwingine ya jirani, na wote wawili tuliwapenda. Basi mwenye lafudhi ni nani, hilo peke yake haliamui kitu.

Kinachoamua ni nini? Naona ni hiki: toa lafudhi, uone kinachobaki. Kwa Papa Shirandula anabaki soja anayemficha mkewe kazi yake, mtu mwenye aibu na ujanja kama mimi na wewe. Tunamcheka huku tukijiona. Kwa mahubiri yangu, ondoa zile R, hakibaki kitu. Hapakuwa na mtu pale. Kilichochekwa ni jinsi watu wa kwetu wanavyoongea, akiwemo nyanya yangu aliyenifundisha Salamu Maria kwa lafudhi hiyohiyo.

Na Thoma huyohuyo anaonya kuhusu dhihaka: inamfanya mtu aone aibu. Mimi sikukusudia, ni kweli. Ila nilipata makofi, na aliyelipa ni mwenzangu.

Tusilichukulie hili kijuujuu. Katika Waamuzi 12, watu walipimwa kwa kutamka neno moja, "Shibolethi", na aliyeshindwa aliuawa. Sisi Wakenya tulioyaona ya baada ya uchaguzi wa 2007 tunajua ulimi unaweza kumponza mtu.

Petro naye alitambuliwa uani kwa lafudhi yake ya Galilaya, akaogopa, akamkana Bwana. Lakini siku ya Pentekoste watu bado waliwatambua mitume kuwa Wagalilaya. Roho Mtakatifu hakuwanyoosha kwanza lafudhi. Injili ilitoka kwa midomo ileile.

Nilimwomba mwenzangu msamaha. Alinisamehe, lakini jina lake bado halijarudi kwenye orodha. Ndugu yangu, kabla hujarekodi ile klipu ya kushrabu, jiulize: kesho, mwenye sauti hiyo ataweza kusimama kwenye mimbari?

Bwana, fungua midomo yetu, na usituache tuifunge ya wengine. Amina.

Tuombeane.