Kufikiri Kuwe na Mwisho

Katika kata ya Mwakitolyo, wilaya ya Shinyanga, wachimbaji wadogo wa dhahabu wana desturi moja ya busara. Kabla ya kupeleka mawe mengi kwenye karasha, huchukua machache, huyaponda yakawa unga, kisha huuosha unga huo ndani ya karai, wakitazama kama zimebaki chembe zing’aazo. Zikionekana, kazi yaendelea. Zisipoonekana, hushauriana la kufanya. Hakuna akeshaye usiku kucha akiosha unga uleule.

Lakini tusilolitenda kwa mawe, twalitenda kwa mawazo. Tumchukue baba mmoja, na walio kama yeye ni wengi. Aliuza ng’ombe watatu, akatia fedha yake katika duara pamoja na wenzake. Miezi ikapita, wasipate kitu, naye akajitoa. Tangu siku hiyo hulala macho wazi. “Laiti ningalingoja wiki moja! Laiti nisingaliuza ng’ombe wale! Watu wananisemaje?” Mvua za Novemba zaanza, majirani wamekwisha kulima, na shamba lake lingali majani matupu. Mkewe amwulizapo habari ya mbegu, hujibu kwa ukali kwamba bado anafikiri. Hasara ya kwanza ilichukua ng’ombe. Ya pili yachukua shamba, usingizi na amani ya nyumba.

Je, huko ndiko kufikiri? La hasha. Mtu hufikiri ili ajue ukweli, apate kuamua. Akisha kuamua, hutenda. Kuwazawaza hakutafuti uamuzi, bali kwauogopa. Na mara nyingi chini yake kimejificha kiburi kidogo: twataka kuwa watu wasiokosea kamwe, wenye kuijua kesho kabla haijafika. Hilo si fungu la mwanadamu.

Msomaji aweza kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli. Mwaka 2015, huko Nyangalata, katika mkoa huohuo wa Shinyanga, shimo liliporomoka, na wachimbaji watano wakaokolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Hatari za kazi hiyo zajulikana, na ashukaye bila kukagua magogo yazuiayo kifusi hana busara. Lakini fikira za namna hiyo zina mwisho wake: magogo hukaguliwa, yaliyooza hubadilishwa, au watu hukatazwa kushuka.

Hata watakatifu waliujua ugonjwa huu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipokuwa Manresa, nchini Hispania, mwaka 1522, aliteswa sana na wasiwasi wa dhamiri. Alizirudia tena na tena dhambi alizokwisha kuziungama, asipate raha, wala kuongeza maungamo hakukumsaidia. Mwishowe aliamua kutoziungama tena zile za zamani, ndipo alipopata utulivu. Tazameni: hakupona kwa kufikiri zaidi, bali kwa kukata shauri.

Basi, wazo likujialo usiku tulipime kama jiwe. Je, lina kazi niwezayo kuifanya kesho asubuhi? Likiwa nayo, tuitaje kazi hiyo, na kulipopambazuka tuifanye, hata ikiwa ndogo. Lisipokuwa nayo, tulimwage pamoja na maji ya karai. Likirudi, tusione ajabu, tulimwage tena. Na yule alemewaye asijifungie peke yake: amwambie mwenzi wake, mzee amwaminiye, au padri wake. Usingizi na chakula vikimkimbia siku nyingi, aende hospitali, wala asione haya.

Yaliyopita si ndwele, walisema wazee, tugange yajayo. Baba yule hawezi kuwarudisha ng’ombe wake kwa kukesha. Lakini mvua ingalipo, jembe li nyumbani, na mkewe angali angoja jibu la mbegu. Na aanzie hapo.