Una Watoto Wangapi?

Mwaka jana, baada ya kikao cha vijana Mbale, dada mmoja alibaki nyuma. Mtoto wake wa kwanza aliasiliwa na familia ya Jinja. Sasa ana mwingine mgongoni. Akaniuliza, "Kaka, watu wakiniuliza una watoto wangapi, niseme wangapi?"

Nikamjibu vile tunavyojibu wote: sahau, mtoto yuko pazuri. Nilikosea.

Sheria ya Watoto ya Uganda inataka ridhaa ya mzazi, naye anaweza kuiondoa mpaka mahakama itoe amri. Amri ikitoka, haki na wajibu vinahamia kwa wazazi wapya. Mwaka 2016 masharti yalikazwa kwa wageni. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa tuhuma za rushwa: wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wanaenda kusoma Kampala, kumbe wanapelekwa Marekani.

Wengine watasema, huyu dada hakudanganywa, alikubali mwenyewe, tunamdai nini au anatudai nini? Mimi naona hivi: ridhaa yake inasema mtoto akae na nani. Haisemi mama aumie peke yake. Mtu akikubali kukatwa mguu ili apone, hatumwachi hospitalini eti si alisaini.

Tulipofika Uganda kutoka Uvira, mama yangu aliulizwa ana watoto wangapi. Akasema watano. Karani akahesabu vichwa, akaandika wanne. Mdogo wangu tulipotezana naye njiani. Karani hakukosea, alihesabu watakaokula. Mama naye hakudanganya, alihesabu aliowazaa. Na hakuna jirani aliyewahi kumwambia sahau.

Najua tofauti ipo, mama hakuchagua. Lakini huyu dada hakuwa na chakula wala pa kulala. Je, alichagua kiasi gani? Na hata kama alichagua kabisa, kuchagua hakufuti uzazi.

Juzi nilipanda takisi kutoka Jinja nikarudi kwake. Nikamwambia, "Dada, nilikujibu vibaya. Una watoto wawili. Anayetaka kujua zaidi, si lazima umwambie." Kisha nikauliza yule wa kwanza anaitwa nani. Akanyamaza kidogo, akataja jina, akaanza kunieleza usiku aliozaliwa. Chai ilipoa hatujaigusa.

Sisi tunaofanya kazi na vijana tuna fomu ya kila kitu. Kwa mama kama huyu hatuhitaji fomu. Turudi tu, tumuulize, tukae.