Je, Kila Hadithi Lazima Iwe na Adui?

Swali tunalokusudia kulizungumza hapa laonekana dogo, na huenda wengine wakasema ni la watunzi peke yao. Mtu ameketi kuandika hadithi (twasema hadithi kwa maana ya kisa cha kutungwa, si Hadithi za Mtume). Mbele yake pana chombo cha kumsaidia, nacho chamwuliza: Ni nani anayekisukuma kisa chako? Anatafuta nini? Na ni nani anayempinga? Maswali mawili ya kwanza ayajibu bila taabu. La tatu lamshinda, kwa kuwa katika jambo analotaka kulisimulia, ambalo alilishuhudia kwa macho yake, hakuona mpinzani. Je, aiache nafasi ile tupu, au atafute mtu wa kuijaza?

Chombo hicho si cha kudhania. Mwaka 1994 huko Marekani ilitolewa programu ya kompyuta iitwayo Dramatica, kazi ya Melanie Anne Phillips na Chris Huntley. Wao walianza na nadharia kabla ya programu. Nadharia yao yasema kwamba hadithi iliyokamilika ni mfano wa akili moja ya mwanadamu inayohangaika na tatizo moja, na kwamba wahusika wake ni sehemu za akili hiyo: yuko anayesukuma mbele na yuko anayezuia, yuko anayesaidia na yuko anayepotosha, yuko mwenye kufuata hoja na yuko mwenye kufuata moyo, yuko mwenye imani na yuko mwenye shaka. Hao ni wanane. Mwandishi huulizwa maswali, na kila anapojibu programu huondoa yasiyopatana na jibu lake, mpaka kutoka katika maumbo 32,768 ya hadithi libaki moja tu. Haimwandikii hata sentensi moja. Yamwuliza, yapatanisha majibu yake, basi.

Wala wazo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alizipima hadithi 100 za watu wa kwao akasema matendo yote yaliyomo ni 31, yenye mpango wa kufuatana. Mwaka huo huo Mmarekani William Wallace Cook alitoa kitabu kiitwacho Plotto, chenye vianzio vya visa 1,462, mtunzi achague kama achaguavyo vitambaa dukani.

Asije mtu akasema kwamba kanuni za utunzi ni mambo ya wageni. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na kitabu hicho kimewafunza Waswahili wengi vina na mizani kuliko mwalimu yeyote wa darasani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata sheria hizo, palizuka ugomvi wa miaka mingi kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Ugomvi huo hatuufufui. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba sheria ya mashairi hutawala sauti. Kina kikikosekana, litakaloumia ni sikio. Sheria ya hadithi haiko hivyo, maana hiyo hugawa watu: huyu wa kupendwa, huyu wa kuogopwa, huyu mwenye makosa. Ikitumiwa vibaya, atakayeumia ni mtu.

Tena yafaa tukumbuke kwamba kila nadharia ya hadithi ilizaliwa na hadithi fulani. Katika karne ya nne ya Hijra, Abu Bishr Matta bin Yunus wa Baghdad alikitafsiri kwa Kiarabu, kutoka Kisuriani, kitabu cha Aristotle juu ya utunzi. Aristotle alikuwa akisema habari za michezo ya kuigizwa jukwaani, jambo ambalo watu wa Baghdad hawakuwa nalo. Kwa hiyo mchezo wa majonzi ukatafsiriwa kuwa shairi la kusifu, na mchezo wa kuchekesha ukawa shairi la kukashifu. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Ibn Rushd wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1198, akakisherehesha kitabu hicho kwa kufuata majina yale yale, akitafuta mifano katika mashairi ya Waarabu. Hapana anayeweza kusema kwamba Ibn Rushd alipungukiwa akili! Nadharia ilisafiri, hadithi zilizoizaa zikabaki nyuma. Basi programu iliyokulia katika sinema na riwaya za Marekani inapomwambia mtu kwamba hadithi yake ina upungufu, ni haki yake kuuliza: imepungukiwa na ukweli, au imepungukiwa na kile ambacho hadithi za huko huwa nacho?

Sasa tushuke Bondeni, katika nchi tambarare ya Kyela iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe huteremka kutoka nyanda za juu na kulowesha mpunga na kokoa. Tuseme yuko kijana wa Ipinda anayetaka kuandika kisa cha mkulima mmoja. Mkulima huyu alipata fedha ya kokoa, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, kisha akaanza kula peke yake. Mlango wake ukafungwa mapema. Wageni wakapungua. Kabla mwaka haujaisha akaugua ghafla, akafa.

Kwa mtu wa mbali kisa hiki ni chepesi. Kwa Mnyakyusa kina uzito wake. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa baina ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa urefu juu ya jambo ambalo wenyeji huliita ukwangala, yaani kuketi na watu kwa mazungumzo na ukarimu. Bibi Wilson alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina linalotokana na fikra hiyo. Aliyejitenga na kula peke yake alikuwa amevunja jambo kubwa, na majirani wakinung'unika juu yake, manung'uniko yale yaliaminiwa kumfikia kama baridi mwilini. Waliita pumzi ya watu. Lakini mgonjwa na jamaa zake hawakusema hivyo. Wao walisema: amerogwa kwa husuda. Ugonjwa ni ule ule, na nguvu iliyodhaniwa kuuleta ni ile ile. Iliyotofautiana ni hukumu: upande mmoja waiita adhabu ya haki, upande wa pili waiita uchawi. Na leo daktari atasema neno la tatu, shinikizo la damu, wala hatamtaja jirani yeyote.

Kijana wetu aingiza kisa hicho katika mpango wa nadharia. Mkulima ndiye msukumaji. Shabaha yake ni mali. Mpinzani je? Nafasi i wazi, na nafasi iliyo wazi huudhi macho. Hapo jirani yule mzee asiyesalimia sana, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, aja mwenyewe mawazoni. Hadithi yakamilika kwa dakika moja! Shujaa anaye, adui anaye, mwisho anao.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mkulima alipokufa, jamaa zake walikwenda kwa mpiga ramli na swali moja: ni nani? Mpiga ramli hawezi kujibu "hapana mtu", kwa kuwa hakulipwa kwa jibu hilo. Lazima atoe jina, au dalili za kutosha za jina. Mwandishi aliyejaza ile nafasi kwa sababu tu ilikuwa wazi amekalia kiti kile kile. Nchi yetu yajua kwa uchungu habari za vikongwe, hasa huko kandokando ya Ziwa Victoria, waliouawa kwa sababu ya kutajwa tu. Huenda mwandishi akajitetea kwamba yeye ametunga, hakumtaja mtu. Utetezi huo una nguvu katika mji mkubwa ambako hapana anayejuana na mwenzake. Katika kijiji cha Kyela kila msomaji atamtambua mzee yule kwa mwendo wake na kwa mwembe ulio mlangoni pake. Buhtani haiachi kuwa buhtani kwa kuandikwa vizuri.

Hata hivyo insafu yatulazimu tuseme upande wa pili, maana nadharia ile ikisomwa mpaka mwisho haimlazimishi mtu kufanya dhuluma hiyo. Propp mwenyewe aliona kwamba kisa chaweza kuanza kwa uovu wa mtu, na chaweza vile vile kuanza kwa upungufu: kitu kinakosekana, mtu aondoka kukitafuta. Nao waliotunga Dramatica wametenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Anayesukuma kisa si lazima awe ndiye tunayetazama kwa macho yake. Tena mpinzani, katika nadharia yao, si lazima awe mtu mwovu. Kazi yake ni kuzuia na kuwataka watu wafikiri upya.

Tukirudi Ipinda na elimu hiyo, kisa chageuka kabisa. Tumwache marehemu alale. Anayesukuma kisa sasa ni ndugu yake, na anachotafuta ni jina la mkosaji. Anayempinga ni nani? Ni yule anayemzuia asivuke Songwe kwenda kwa mganga, anayemwambia rudi, fikiri, utaua mtu bure. Huyo mpinzani ndiye mwema wa kisa! Na macho tunayotazama nayo yaweza kuwa ya mjane, aliyesikia manung'uniko ya majirani yangali mapya, aliyemwambia mumewe afungue mlango, na ambaye sasa asikia shemeji yake akinoa maneno. Yeye peke yake ajua kwamba pande zote mbili zina neno la kweli na neno la uongo. Kijana asiyejua kutenganisha hayo angemwandika mjane kama mtu wa kulia tu.

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Nabii Yusufu. Waliomtupa kisimani ni ndugu zake, na mwanzoni mtu aweza kudhani amekwisha kuwajua maadui. Mwishoni wamesimama mbele yake huko Misri wakisamehewa. Angalieni ni sehemu kiasi gani ya kisa kile ingepotea kama ndugu wale wangeandikwa kuwa maadui na kuachwa hapo.

Mambo yamezidi kuwa magumu tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT, kwa kuwa chombo cha namna hii hakiishii kuuliza, chajibu. Ukikiambia kwa Kiswahili kwamba hadithi yako ya Kyela haina mpinzani, chakupa mpinzani kabla chai haijapoa, na aghlabu atakuwa yule anayepatikana zaidi katika hadithi kilizozisoma: jirani mwenye husuda, shangazi mchawi, mama wa kambo. Hayo hayakutoka Ipinda. Programu ya mwaka 1994, kwa ukavu wake wote, ilimwachia mwandishi mzigo wa kujibu, akalala nao. Naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kalamu na kompyuta. Mtu aliyeulizwa akajibu atasema, "Nilimwona hivi." Mtu aliyejibiwa atasema nini, akiulizwa na mzee yule wa mlango wa mwembe?

Sitamkataza kijana kutumia vyombo hivi. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwake, na mhariri wa kumkalisha chini ukurasa kwa ukurasa hana. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imewapa vijana sababu ya kuandika, lakini tuzo huja baada ya kazi, haimsaidii mtu usiku anapokwama. Nadharia yaweza kumsaidia usiku huo. Ila mswada ukiisha, na kabla ya kuupeleka popote, ausome kwa sauti palepale kijijini, kama hadithi zilivyokuwa zikisimuliwa na wasikilizaji wakiingilia kati. Awepo mjane mmoja katika wasikilizaji hao. Awepo na mzee mmoja asiyesalimia sana, naye apewe kiti cha mbele.