Juu ya Kuchagua Masomo ya Hesabu

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa Kidato cha Nne yakiisha kutoka, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba huingia katika mashauri. Kijana amefaulu, naye hana budi kukata shauri juu ya masomo atakayoyashika Kidato cha Tano na cha Sita. Baba ataka Hisabati, maana ni somo la sifa. Mtoto aikimbia, maana ni ngumu. Basi twauliza: Je, ni haki mtu achague njia yake kwa hofu? Tena, je, ni haki achaguliwe njia kwa ajili ya sifa za wengine?

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kwa desturi ya miaka mingi, hesabu hazina hiari mpaka Kidato cha Nne. Baada ya hapo njia hugawanyika. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, na 49 katika hizo zilikuwa mpya. Atakaye kuwa mhandisi hawezi kuikwepa Hisabati ya Juu. Atakaye kuwa daktari hushika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hesabu hupewa kiasi tu, kama somo la nyongeza. Uchaguzi huu basi hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine, nao hufanywa na mtu ambaye aghalabu hajatimiza miaka ishirini.

Wako wasemao, “Heri somo jepesi na cheti kizuri kuliko somo gumu na aibu.” Neno hili si la kudharauliwa. Watahiniwa walio wengi hushindwa Hisabati katika Kidato cha Nne, na mtoto aliyekosa mwalimu wa hesabu kwa miaka miwili hana msingi wa kujengea. Hofu yake ina ushahidi, nayo yamwonya kwa haki. Lakini iko hofu nyingine isiyo na ushahidi ila uvumi: kwamba hesabu ni za wavulana, kwamba ni za watu wenye vichwa vya namna ya peke yake. Hofu hii ni uongo, na binti aliyeisikia tangu utoto huidhani kuwa sauti ya moyo wake mwenyewe. Hofu ya kwanza isikilizwe. Ya pili ikemewe.

Sisi Walutheri tuna sababu ya kukumbuka neno la zamani. Mwaka 1524 Martin Luther, alipowaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani juu ya kufungua shule, alisema kwamba kama angalikuwa na watoto wangalijifunza lugha, na habari za kale, na kuimba, pamoja na hesabu zote. Hakuziweka hesabu mbali na nyimbo, wala hakuzihesabu kuwa elimu ya wachache.

Tena tukumbuke tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipoipiga Bukoba. Watu walikufa, nyumba nyingi zilianguka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika. Palipotakiwa kujengwa upya, walihitajiwa watu wajuao kupima uzito wa paa na nguvu ya ukuta. Ukuta hauulizi kama aliyeupima alipewa sifa na jamaa zake; wauliza kama alijua. Kwa hiyo mzazi amlazimishaye mtoto asiyeweza, ili ajisifu mbele ya majirani, amkosea mtoto, awakosea na wale watakaolala chini ya paa hilo.

Wala asiyechagua Hisabati ya Juu asidhani ameachana na hesabu. Mwuguzi wa Ndolage hupima dawa kwa uzito wa mtoto. Karani hupima kahawa ya mjane kwenye mizani. Ndugu hugawana kibanja cha baba yao. Mahali pote hapo, asiyejua hesabu hudhulumiwa, au hudhulumu pasipo kukusudia.

Shauri letu ni hili. Mzazi asiamue peke yake, wala asimwache mtoto peke yake. Mtoto achukue mitihani iliyopita, aifanye kwa saa zake bila msaada, kisha amwonyeshe mwalimu wake. Waulizane mambo matatu: Ana msingi? Yuko tayari kufanya kazi kila siku? Kazi aipendayo yahitaji somo hili? Majibu yakiwa ndiyo, asizuiwe na uvumi. Yakiwa siyo, aende njia nyingine bila aibu. Na walimu wa usharika, waulizwapo na wazazi, wasitoe jibu upesi; bali wamwite kijana mwenyewe, wamsikilize kwanza.