Deni la Mwenye Kuondoka

Mizani ni chombo cha haki, walakini haipimi kitu ila kile kilichowekwa juu yake. Mfanyabiashara apimapo mchele, mizani haiulizi nani aliyeulima wala nani aliyeupepeta. Yatosha kuwa uzito umetimia. Katika zama hizi wako vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaojiweka wenyewe juu ya mizani ya namna hii. Ni wauguzi, wahandisi, wahasibu na mafundi wa kompyuta, wenye elimu na afya, wanaoomba ukaazi wa kudumu katika nchi za mbali. Maombi yao huzua swali la zamani katika vazi jipya: je, mtu aliyelelewa na kusomeshwa na wengi ana haki ya kuupeleka ujuzi wake kwa wengine? Na kama anayo haki hiyo, huondoka na deni gani?

Kanada ni mfano ulio wazi. Tangu Januari 2015 nchi hiyo huchagua wafanyakazi wengi wenye ujuzi kwa utaratibu uitwao Express Entry. Kila mwombaji hupewa alama, na ukomo wa alama zote ni 1,200. Mwombaji asiye na mume wala mke, mwenye umri wa miaka 20 hata 29, hupata alama 110 kwa ujana wake peke yake. Akitimiza miaka 30 hupata 105. Akifika 40 hupata 50. Akifika 45 hapati hata moja. Shahada ina alama zake na kazi aliyoifanya ina alama zake. Kiingereza na Kifaransa hupimwa kwa mitihani ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Mtu akiteuliwa na jimbo fulani huongezewa alama 600 kwa mara moja. Kila baada ya muda serikali huwaita wenye alama za juu, na tangu mwaka 2023 huweza pia kuwaita watu wa kazi maalumu, zikiwamo kazi za afya.

Si insafu kuushutumu utaratibu huu kabla ya kukumbuka ule uliotangulia. Kwa miaka mingi Kanada ilichagua wageni wake kwa rangi na asili. Kanuni za mwaka 1962 ziliondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo, na mwaka 1967 ukaletwa mpango wa alama. Mwafrika ambaye babu yake angalifungiwa mlango kwa sababu ya ngozi yake, leo huhesabiwa kwa kile anachokijua. Hapana budi kukiri kuwa hilo ni jambo la kheri. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanada humtaka mgeni aonyeshe jembe lake kabla hajapanda ndege. Ada hiyo ni kali, lakini haina hila.

Walakini mizani hii nayo ina kimya chake. Kiswahili hakipati alama hata moja juu yake. Lugha ambayo kwayo muuguzi alimtuliza mjamzito usiku wa manane, akamfahamisha mzee namna ya kumeza dawa zake, akawapa pole wafiwa, haina safu katika hesabu ile. Kadhalika fomu huuliza majina ya vyuo na tarehe za kuingia na kutoka. Haiulizi nani alilipa, nani alikesha, wala nani alivumilia ili mwombaji apate kujua anayoyajua. Nchi ipokeayo haina kosa katika kutouliza. Mnunuzi hawajibiki kwa madeni ya muuzaji. Lakini deni lisiloulizwa halifi kwa sababu hiyo.

Mtu na amfikirie muuguzi mmoja wa Tanzania, msichana wa miaka 28 mwenye shahada, afanyaye kazi katika hospitali ya mkoa. Fomu iko mbele yake, na kila swali analijibu bila shida. Sehemu moja ya deni lake imeandikwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inajua kiasi alichokopa kwa shilingi, na shilingi zaweza kulipwa kutoka popote duniani. Sehemu nyingine haikuandikwa mahali. Siku ya kwanza aliposhika sindano, akiwa mwanafunzi, alipewa mkono wa mama mmoja aliyetoka kijijini. Alikosa mshipa mara ya kwanza, akaukosa mara ya pili. Mama yule alikunja uso kwa maumivu, kisha akasema, "Jaribu tena, mwanangu." Mara ya tatu damu ikapatikana. Mwenye fedha angalidai muuguzi mzoefu, au angalikwenda hospitali ya kulipia. Mama yule hakuwa na mahali pengine pa kwenda, akautoa mkono wake uwe darasa. Hivi ndivyo ujuzi wa wauguzi na matabibu unavyopatikana kila mahali: hujifunzwa juu ya miili ya watu, na aghalabu miili hiyo ni ya maskini. Alama anazozihesabu msichana huyu leo zina sehemu ya maumivu yale ndani yake.

Basi huja sauti mbili kumshauri. Ya kwanza husema kuwa kuondoka ni usaliti: nchi imepanda, wengine wasivune. Ya pili husema kuwa mtu si mali ya nchi yake, na aliye huru huenda atakako. Sauti ya pili ina hoja ya nguvu. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 13, humpa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata iliyo yake, na haki ya kurudi kwao. Nchi iwafungiayo watu wake mlango ili wasitoke imekuwa gereza, hata kama inawalisha vizuri. Wala sauti ya kwanza haina usafi wa kutosha kumhukumu msichana. Katika nchi hiyohiyo wako wahitimu wa uuguzi wakaao nyumbani miaka bila kuajiriwa, ilhali wodi zina wagonjwa wengi na wahudumu wachache. Aliyelifungia jembe ghalani hawezi kumlaumu mkulima kwa kwenda kulima kwingine.

Hata hivyo haki ya kwenda haijibu swali la deni, na hapa yafaa kuwasikiliza wawili waliofikiri juu ya jambo hili kwa kina. Wa kwanza ni Socrates, aliyeuawa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Crito, rafiki yake amtaka atoroke gerezani, naye akataa. Awaza kuwa sheria za mji zingemkabili na kumkumbusha kuwa ndizo zilizomlea na kumfunza. Watu wengi hukumbuka sehemu hiyo na kusahau nyingine: sheria zilezile zasema kuwa Mwathene yeyote asiyeridhika nazo, akiisha kuwa mtu mzima na kuyaona mambo ya mji, alikuwa huru kuchukua mali yake na kwenda apendako. Kwa Socrates aibu ilikuwa katika kutoroka, yaani kuvunja ahadi kwa siri. Aliyetoka mchana kwa kuaga hakuwa na lawama hiyo.

Wa pili ni Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1964, alipokuwa akiueleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, aliwafananisha waliopata elimu na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akila na asiwaletee ndugu zake msaada, ni msaliti. Mfano huu umetajwa mara nyingi kuwaonya wanaotaka kuondoka, lakini ukitazamwa vema, mtu wa mfano ule alitumwa aende. Umbali ulikuwa sehemu ya kazi yake. Usaliti ulikuwa katika kula na kusahau, na mtu aweza kula na kusahau bila kuvuka hata mpaka wa wilaya yake. Tabibu aliyebaki mjini akauza dawa za hospitali kwa mlango wa nyuma amekisaliti kijiji kuliko muuguzi aliye ng'ambo.

Wengi watajibu kuwa jambo hili limekwisha kutatuliwa, maana walio nje hutuma fedha. Ni kweli kuwa fedha hizo huezeka nyumba, hulipa karo na kuzika wafu kwa heshima. Lakini fedha huenda kwa baba, mama na ndugu wa mtumaji. Mama wa mkono ule hayumo katika orodha. Tena, wodi iliyopungukiwa na muuguzi haihudumiwi na noti. Dunia yenyewe imekiri hivyo. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za maadili juu ya kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na orodha ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilitaja nchi 55, zikiwamo Tanzania na Uganda, ambazo upungufu wao ni mkubwa hata haifai kwenda kuwatafuta watumishi wao. Kanuni hizo huwausia waajiri. Hazimkatazi mtu mmoja kuomba kwa hiari yake. Sheria ikinyamaza, dhamiri hupata zamu ya kusema.

Dhamiri ina mengi ya kusema juu ya neno "kudumu". Ukaazi huo una masharti: mwenye nao hutakiwa kukaa Kanada siku 730 katika kila miaka mitano. Haupigi kura. Haumpi muuguzi ruhusa ya kuuguza, maana kibali hicho hutolewa na chombo cha jimbo, na wako waliokingoja kwa muda mrefu huku wakifanya kazi zilizo chini ya elimu yao. Hapo ujuzi uliokopwa kwa maskini hulala bila kumfaa mtu wa huku wala wa kule, na hiyo ndiyo hasara kubwa kupita zote. Lakini mkaazi wa kudumu bado ni raia wa kwao, na pasi yake ni ya kwao. Akitimiza siku 1,095 katika miaka mitano aweza kuomba uraia. Mkenya, tangu katiba ya mwaka 2010, aweza kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua ule, huupoteza huu. Kwa hiyo miaka ya ukaazi ni kizingiti, na juu ya kizingiti mtu huweza bado kutazama pande zote mbili.

Ni katika miaka hiyo ndipo deni lipaswapo kufanyiwa hesabu. Mzee mgonjwa wa Winnipeg ni mwanadamu, naye ni baba wa watu. Kumuuguza vema si dhambi, ni sehemu ya malipo. Sehemu iliyobaki hulipwa kwa kitu cha jinsi ileile iliyokopwa. Aliyefunzwa hulipa kwa kufunza: kurudi likizo na kusimama wodini pamoja na wanagenzi, kumsomesha muuguzi mmoja asiye ndugu yake, kuwaambia wadogo zake ukweli wa maisha ya ng'ambo bila chumvi, au kurejea kabisa na maarifa ambayo hospitali ya mkoa haikuwa nayo. Serikali nayo hulipa lake kwa kuwapa kazi waliohitimu na kumfungulia mlango arudiye. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; lakini ngama isiyotunzwa hujaa maji, na asiwepo atakayeirejea.

Msichana wa mfano huu ataweza kuituma fomu yake kesho, na hapana mwenye haki ya kumshika mkono. Ameandika umri wake, shahada yake na miaka yake ya kazi, na yote ni kweli. Nafasi ya jina la mama yule haimo katika fomu, wala jina lenyewe hakuwahi kuliuliza. Ni juu yake kuitafuta nafasi hiyo mahali pengine, akiwa bado anaukumbuka mkono wenyewe.