Ukiuliza, Hujamkosea Mungu

Neno la wiki: Matendo 17:10–12, Yohana 20:24–31, 1 Wathesalonike 5:21



Baada ya ibada ya vijana kule Thika, kijana mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, kazini wananiita skeptiki, ati kila kitu natilia shaka. Hiyo ni dhambi?" Nilimjibu mbiombio nikapanda matatu. Kabla sijafika Ruiru nikajua sikumjibu vizuri. Leo namjibu mbele yenu wote.

Neno hilo lina asili ya Kigiriki, na mwanzoni halikumaanisha kukataa. Lilimaanisha kuangalia kwa makini kabla ya kukata kauli. Mama mboga wa Makongeni anafanya hivyo kila siku. Mteja akimwonyesha ujumbe wa M-Pesa, hasemi "Amina" hapo hapo. Anangoja ujumbe uingie kwa simu yake, kisha anaangalia salio, kwa sababu jumbe za uongo zipo. Je, anamchukia mteja? Hapana. Analinda jasho lake.

Na Kiswahili chetu kina hekima. Shaka ni wasiwasi wa moyo, lakini mashaka ni taabu pia. Anayekataa shaka ndogo asubuhi, jioni hukutana na mashaka makubwa.

Tazama watu wa Beroya. Walilipokea neno kwa hamu, halafu kila siku wakafungua Maandiko kuona kama Paulo anasema kweli. Luka hawakemei, anawasifu! Ikiwa mtume Paulo alikaguliwa, mimi pasta msaidizi ni nani nisikaguliwe?

Hapa lazima niungame. Mwaka jana nilimpa nafasi ya matangazo mtu aliyekuwa akiuza ploti. Alikuwa na suti safi, maombi matamu, na bei ya chini kuliko ya jirani. Dada mmoja akaniuliza mlangoni, "Pasta, umeona hati?" Nilimwambia asiwe na roho ya Tomaso. Jumatatu yule dada alienda ofisi ya ardhi peke yake. Nambari ile ilikuwa ya shamba la mtu mwingine kabisa. Mimi niliyesoma biashara chuoni nikanyamaza, na dada niliyemkemea ndiye aliyeokoa pesa za watu wetu. Nilimwomba msamaha faraghani. Leo namwomba hadharani.

Wapendwa, si mara ya kwanza kwa kanisa Kenya. Wakubwa wetu wanakumbuka DECI, iliyoporomoka 2007. Ilienea sana kupitia makanisani, na pesa iliitwa mbegu. Aliyeuliza mavuno yanatoka wapi alionekana hana imani. Ukweli ni kwamba mavuno ya wa kwanza yalitoka mifukoni mwa waliofuata. Halafu Aprili 2023 tukasikia Shakahola, Kilifi. Watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwemo. Mahali ambapo swali linaitwa uasi, ndugu yangu, chukua watoto wako uondoke.

"Lakini pasta, Yesu alisema heri wasioona wakaamini!" Kweli. Ila soma aya mbili mbele. Yohana anasema ameandika ishara hizo ili sisi tuamini. Hatukuachwa tuamini hewa, tuliachiwa ushuhuda. Na Tomaso mwenyewe hakufukuzwa. Yesu alimwonyesha majeraha.

Sasa kijana wangu, nisikilize vizuri, kwa sababu kuna shaka ya aina mbili. Tomaso alitaka uthibitisho, na ulipokuja akakiri kwamba Yesu ni Bwana na Mungu wake. Makuhani wakuu walijua Lazaro amefufuka, lakini katika Yohana 12:10 wanapanga kumwua Lazaro naye! Uthibitisho umesimama mbele yao, wao wanataka kuurudisha kaburini. Hiyo si shaka tena, ni moyo uliokwisha kufunga mlango. Basi jipime hivi: jibu likija, utalipokea? Ukilipokea, wewe ni ndugu ya Tomaso. Ukiwa umeamua kukataa hata kabla hujauliza, tubu.

Wiki hii tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kutoa pesa yoyote, uliza maswali matatu: Nani ameisajili? Faida inatoka wapi? Nikitaka kutoka, natokaje? Kama ni sacco inayopokea akiba za watu, uliza leseni ya SASRA. Kama ni ploti, nenda ofisi ya ardhi mwenyewe. Anayekukataza kwenda amekwisha kukujibu.

Pili, chukua mahubiri haya nyumbani, fungua Biblia, unikague. Ukiona nimekosea, njoo uniambie. Sitakuita Tomaso tena.

Tatu, wazazi, mtoto akiuliza, "Mama, unajuaje Mungu yuko?" usimnyamazishe. Mwambie alivyokutendea. Akikosa jibu kwako, atalitafuta kwingine.

Kuanzia Jumapili hii, tangazo lolote la biashara litapita kwa wazee wa kanisa na karatasi zake, hata kama limeletwa na mimi.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuangalia, ujasiri wa kuuliza, na moyo mnyenyekevu wa kupokea ukweli ukija. Katika jina la Yesu. Amina.